Mifuko ya unga na historia yetu

Wandugu, mimi nilisoma agronomi, si sanaa. Mfuko wa unga naujua kwa kilo na kwa wadudu. Lakini Tshibumba Kanda Matulu wa Lubumbashi alichora inchi nzima juu ya kitambaa cha mifuko ile. Mwaka 1973 na 1974, akiwa kijana kama sisi, alimchorea mwanaantropolojia Johannes Fabian picha 101 za historia ya Zaïre. Na walizungumza Kiswahili cha Katanga, si kile cha vitabu.

Mbele yake kulikuwa atelie ya Pierre Romain-Desfossés, iliyofunguliwa Élisabethville mwaka 1946. Pilipili Mulongoy alitokea pale, na samaki na ndege wake ni wazuri kabisa. Kwa majani ya majini ningempa alama zote. Ila naangalia, natafuta: kodi iko wapi? Kambi ya wafanyakazi wa mine iko wapi? Hakuna. Wazungu wa wakati ule walinunua ndege bila kuulizwa kitu.

Tshibumba akaleta fimbo. Katika picha zake za "Colonie belge", mfungwa amelala chini anachapwa, mzungu amesimama anatazama tu. Anayeshika fimbo ni askari mweusi. Hapo ndipo nampenda, juu hakutuficha.

Kwa Lumumba, sikubaliani naye sana. Amemlaza maiti pamoja na Mpolo na Okito, nyuma misalaba mitatu, sawa Yesu. Inauma, ndiyo. Lakini Yesu hakosei siasa, na Lumumba alikuwa mutu, alikosea pia. Ukishamfanya mtakatifu, unamwombolezea tu, humuulizi tena.

Picha zile za mfululizo ziko Amsterdam, kwenye makumbusho iliyoitwa zamani Tropenmuseum. Mimi naziona kwa telefone, kidogo kidogo, mega zikiisha nafunga. Mwenyewe alipotea mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wakati wake watu walitundika picha za namna ile saloni, wageni wakifika mazungumzo yanaanzia ukutani.

Mwezi wa nne 2020, mto Mulongwe ulibeba nyumba na watu hapa Uvira. Nina picha nyingi za siku ile kwa telefone, zote za kupiga, hata moja ya kuchora. Juzi niliketi kwa baba mdogo hapa Nyakabere, yeye mwenyewe alihamishwa na maji yale. Kwa ukuta wake kuna kalenda ya zamani yenye milima ya theluji.