Sheria ya Batwa: zawadi ao deni?

Hapa Bukavu tunazungumza sana juu ya mamlaka ya nchi yetu, na tangu Februari 2025, mji ulipoingia mikononi mwa M23, neno hilo linauma zaidi. Swali ni lile lile: udongo huu ni wa nani? Lakini kilomita chache kutoka hapa kuna watu wanaouliza swali hilo tangu miaka ya 1970, na sisi hatuwasikii. Nasema Batwa wa Kahuzi-Biega. Nimesoma maandiko mawili yanayowahusu, moja kando ya lingine.

La kwanza ni sheria namba 22/030 ya tarehe 15 Julai 2022, kuhusu haki za Mbilikimo, wenyeji wa asili. Ilipotoka tulipiga makofi. Na kweli iko na mazuri: masomo ya watoto kwa gharama ya Leta, matibabu, hata haki juu ya ardhi wanayoitumia kwa desturi. Kinachonisumbua ni sauti yake. Leta inahakikisha, Leta inasaidia, Mtwa anapokea. Tena sheria ya ardhi ya 1973, inayosema udongo ni mali ya Leta peke yake, bado imesimama pale pale. Sasa hiyo haki ya desturi itashikwa wapi? Nani amekwisha kuona hati ya pori yenye jina la Mtwa?

La pili ni uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, uliotangazwa 2024. Malalamiko yalipelekwa 2015 na ERND, shirika la hapa kwetu, pamoja na Minority Rights Group. Hapa Mtwa si maskini wa kuhurumiwa, ni mwenye mali aliyefukuzwa. Parki iliundwa 1970, ikapanuliwa 1975 hadi karibu kilomita za mraba 6,000, na familia zikatolewa bila kuulizwa na bila fidia. Zikabaki pembeni ya vijiji vya watu wengine, Kabare na Kalehe, zikilima mashamba yasiyo yao. Tume inataka ardhi irudishwe, hati zitolewe, watu walipwe, na Leta iombe radhi hadharani. Anayetoa zawadi haombi radhi, si ndiyo?

Najua wenzangu watajibu: "Waliporudi 2018, si walikata miti wakachoma makala?" Ndiyo, miti ilikatwa, na pori liliumia. Lakini makala hayo yalipikia sombe ya nani? Magunia yalishuka kwa barabara ya Miti mpaka masoko yetu, na wafanyabiashara na wenye bunduki walikula humo pia. Halafu, mtu wa mjini akikata avoka kwenye kiwanja chake, hakuna anayesema kiwanja si chake tena. Mtwa peke yake ndiye anadaiwa tabia njema kabla ya kupewa kilicho chake.

Udhaifu wa Tume ni kwamba haina polisi. Waendorois wa Kenya walishinda mbele yake 2010, Waogiek wakashinda mahakamani Arusha 2017, na utekelezaji umekuwa wa kusukumana. Kwetu itakuwa vigumu zaidi: leo hii, ni ofisi gani ya ardhi Kivu Kusini itaandika hati hizo?

Na sisi wasomi? Neno "Batwa" limelisha wengi wetu: miradi, posho, semina za hoteli kando ya ziwa. Kwenye fomu tunazojaza, Mtwa anaandikwa katika safu ya walengwa. Safu ya mwenye ardhi mimi sijaiona hata mara moja. Anayeandaa mradi sasa hivi aiongeze, halafu aende nayo Bunyakiri, awaulize wenyewe mipaka yao inapita wapi.