Kanisa la Mkunazini: Je, Mawe Yanasema Kweli?

Wachungaji wengi wafikapo Mji Mkongwe wa Unguja huzuru Kanisa Kuu la Kristo, Mkunazini, nao hurudi na mfano mmoja wa mahubiri: palipokuwa soko la watumwa pamesimama madhabahu. Mfano huo ni mzuri. Makala hii yauliza kama tunautumia kwa uaminifu.

Soko lilifungwa Juni 1873, Sultani Barghash alipokubali mkataba chini ya tishio la manowari za Waingereza. Siku ya Krismasi mwaka huo huo liliwekwa jiwe la msingi, na Krismasi ya 1877 ikafanyika ibada ya kwanza. Msimamizi wa ujenzi alikuwa Edward Steere, Askofu wa misheni ya UMCA, aliyefariki 1882 akazikwa nyuma ya madhabahu.

Jengo lenyewe lina ufasaha wake. Kuta ni za mawe ya matumbawe kama nyumba za jirani, na sura ya Kigothi imechanganyika na mapambo ya Kiarabu. Duara la marumaru mbele ya madhabahu huonyesha mahali ambapo, kwa masimulizi, ulikuwapo mti wa kuchapia watumwa. Upande wa magharibi nguzo kadhaa zimesimama kichwa chini. Yasemekana mafundi walizisimika Steere asipokuwapo, naye akaziacha.

Hoja yangu yaanzia hapo. Wageni huteremshwa katika vyumba vilivyo chini ya jengo jirani la Mtakatifu Monika, wakaambiwa kwamba humo watumwa walifungiwa wakingoja mnada. Lakini jengo hilo lilijengwa na misheni baada ya soko kufungwa, na wanahistoria wamelipinga simulizi hilo. Tena twanyamaza kwamba amri ya kufuta hadhi ya utumwa Unguja ilitolewa 1897, karibu miaka ishirini baada ya ibada ile ya kwanza.

Huko Heidelberg, mwaka 1518, Luther alifundisha kwamba mwanatheolojia wa msalaba huliita jambo kama lilivyo. Mateso ya Mkunazini hayahitaji kutiwa chumvi. Sanamu za Clara Sörnäs za mwaka 1998, watu wenye minyororo shingoni ndani ya shimo, hazijidai kuwa masalio ya kale. Ni kazi ya sanaa, nazo zahubiri.

Mhubiri na ajifunze kwa nguzo zile: kosa likiachwa wazi halibomoi kanisa. Likifichwa, msikilizaji atakayeligundua atatilia shaka hata Injili tuliyoifungamanisha nalo.