Hesabu ya Dar es Salaam Haikai Singida

Nianze na kosa lenyewe. Mwaka wa fedha 2021/22 Wizara ya Ardhi ilizikopesha halmashauri shilingi bilioni 50, bila riba, kwa ajili ya kupanga, kupima na kumilikisha ardhi. KKK, kama tulivyozoea kuiita. Fedha zenyewe sina ugomvi nazo. Ugomvi wangu ni sharti lililofungwa nazo: deni lirudi kutokana na mauzo ya viwanja. Aliyeliweka sharti hilo anajua mahesabu, lakini sidhani kama amewahi kukaa kwenye kikao kinachopitisha mchoro wa mipango miji.

Chukua shamba la alizeti la ekari 10 pembezoni mwa mji wa Singida. Ni mita za mraba elfu arobaini na ushee. Ukitenga theluthi moja kwa barabara, maeneo ya wazi na huduma, unabakiwa na viwanja kama 45 vya mita za mraba 600. Ukiibana theluthi ile mpaka ikawa robo, vinafika 50. Hivyo vitano vya nyongeza ndivyo vinavyoharibu mchoro. Mpangamiji anakuja na barabara za ndani zenye upana wa kutosha, idara ya fedha inamuuliza swali moja tu, "Jumla vingapi?", naye anarudi mezani kwake akapunguza mita mbili huku na tatu kule. Eneo la wazi nalo linahamishwa. Linahamia wapi? Kwenye mwamba. Mwenyeji wa Singida anaijua miamba yetu ya matale, mingine mikubwa kuliko nyumba, na anajua hakuna fundi atakayechimba msingi pale. Kwenye karatasi panapakwa kijani, kamati inaona kijani, mchoro unapita. Watoto watacheza mpira juu ya jabali.

Na kamati hiyo ni ya nani? Hapo ndipo msomaji asiyeshughulika na ardhi hupitwa. Chini ya Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya 2007, halmashauri ndiyo mamlaka ya upangaji. Mtu binafsi akitaka kukata shamba lake viwanja, anaipelekea maombi, nayo inamhoji: barabara iko wapi, maji yatapita wapi, jirani ataingilia wapi. Kwa KKK, halmashauri ni mwombaji, ni mwamuzi, ni muuzaji, na juu ya yote ni mdaiwa. Kesi ya nyani, hakimu ngedere. Diwani anayejua kwamba rejesho likichelewa Mkurugenzi wa halmashauri ataitwa kujieleza hawezi kuinua mkono akasema barabara hii irudi kwenye upana wake wa mwanzo. Nimeshaona michoro ya namna hii ikipita kwa dakika chache. Sitaitaja halmashauri, maana kosa halikuanzia kwake.

Watanijibu kwamba juu ya kamati kuna idhini ya Mkurugenzi wa Mipango Miji. Ipo. Na tangu 2020, ofisi za ardhi zilipofunguliwa kila mkoa, jalada la Mkalama au Ikungi halilazimiki tena kupanda basi kwenda kanda Dodoma. Hilo lilifanywa vizuri. Ila mkaguzi wa mkoa anakagua kilicho kwenye mchoro, na mchoro hauonyeshi jabali wala deni.

Ninavyoona mimi, hesabu hii ilizaliwa Dar es Salaam. Mradi wa viwanja 20,000 ulioanza 2002 ulipewa na Hazina mkopo wa takriban shilingi bilioni 8.9, viwanja vya Kibada, Mbweni, Bunju, Toangoma na kwingineko vikauzwa, deni likalipika. Tangu hapo ikajengeka imani kwamba kiwanja kinajilipia chenyewe popote nchini. Dar es Salaam kulikuwa na foleni ya wanunuzi. Manyoni au Kiomboi foleni hiyo iko wapi? Hapa mtu anajenga kwa msimu, vitunguu vikikubali, na akitaka ardhi anakatiwa kipande na mwenye shamba, wanaandikishiana kwa mwenyekiti wa mtaa, kwa bei iliyo chini mno kuliko ya kiwanja kilichopimwa. Basi viwanja vyenye mawe ya upimaji vinaota majani, na ng'ambo ya mpaka wake makazi holela yanaendelea kujengwa. Kisha mawaziri wanasimama majukwaani kuzikaripia halmashauri zisizorejesha.

Wanaonisoma siku zote wanajua lazima nitaitaja Sinza, ya Dar es Salaam hiyohiyo. Mradi wa viwanja na huduma wa miaka ya 1970, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, uliweka barabara na mabomba pamoja na vigingi. Najua Sinza na Kijitonyama viliishia mikononi mwa wenye nacho, msinikumbushe. Lakini nenda leo na gari la zimamoto uone kama halitapita. Wapangaji wale waliulizwa wameacha njia kiasi gani kabla ya kuulizwa wamepata viwanja vingapi. Na hawakuwa na droni.

Kuna pia zile mita 60 za kingo za maziwa yetu, Kindai na Singidani, ambamo Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu. Nimeandika sana juu yake, nitaandika tena. Mchoro unaosukumwa na rejesho hauna sababu ya kuziheshimu, kwa kuwa kiwanja chenye mandhari ya ziwa ndicho kinachouzika kwanza.

Mkopo mwingine ukija, na utakuja, mkataba ubadilishwe vipengele viwili. Mchoro wa halmashauri inayodaiwa upitishwe na jopo lisilo na senti kwenye mauzo, na jopo hilo litembee shambani kabla ya kugonga muhuri. Na siku za marejesho zianze kuhesabiwa pale greda litakapokuwa limepita kwenye kila barabara iliyochorwa, si siku fedha zilipoingia benki.