Kabla ya Kisu

Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kitivo cha tiba ya wanyama, na mjini humo humo kuna J.A.C.K., kituo kilichoanzishwa 2006 kulea sokwe waliookolewa mikononi mwa wafanyabiashara haramu. Ukimponya mnyama, kila mtu hukusifu. Mimi namvulia kofia anayemjia mnyama akiwa amekwisha kufa, akaeleza kilichomuua.

Kazi hiyo huanza kwa kutopasua. Fundi hasa huuzunguka mzoga kwanza, akatazama pua, mdomo na mkundu. Akiona damu nyeusi isiyoganda, kisu hakitoki alani. Huenda ni kimeta, na kuupasua mzoga wa kimeta ni kuwapa bakteria wake hewa, wageuke mbegu sugu zitakazokaa udongoni miaka na miaka. Basi hutoboa sikio, akapaka tone la damu kwenye kioo, akalitia rangi. Kwenye hadubini hutokea vijiti vya buluu vilivyoungana mnyororo, ncha zake bapa kana kwamba zimekatwa kwa wembe, na ganda la waridi limevizunguka. Tone moja tu, na jibu limepatikana.

Aprili 2025 viboko wasiopungua 50 walikutwa wamekufa katika eneo la Mto Ishasha, Hifadhi ya Virunga. Kwa miaka mingi viboko wa huko wameuawa kwa risasi, na ingekuwa rahisi kumtaja jangili. Vipimo vilionyesha kimeta.

Kisu kinaporuhusiwa, haraka bado ni mwiko. Bonobo wa kituo cha Lola ya Bonobo, Kinshasa, waliwahi kufa ghafla. Kwa kifo cha namna hiyo mpasuaji hukata msuli wa moyo vipande vyembamba, vingine akavitia kwenye fomalini, vingine kwenye baridi kali ili virusi vitafutwe. Ripoti iliyotoka 2011 ilitaja virusi vya ensefalomiokaditi, ambavyo hushambulia moyo na huenezwa na panya. Anayewapenda bonobo inambidi alinde pia ghala la chakula.

Na mara nyingine ushahidi uko nje ya mzoga. Machi 2012, katika Hifadhi ya Garamba, tembo 22 walikutwa wamelala pamoja, wengi wakiwa na risasi moja ya utosini. Pembe zilikuwa zimeondolewa, nyayo hazikuwepo, na nyama ilikuwa haijaguswa. Jangili anayetembea kwa miguu hukata walau mnofu wa kula njiani. Hawa hawakuuhitaji, na walinzi wakaanza kushuku helikopta.