Shabiki kama Mhakiki: Jumong, Masala Kulangwa na Sauti ya Msimulizi wa Filamu

1. Utangulizi

Neno shabiki halina heshima katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili. Mhakiki ni mtu wa kupima. Shabiki ni mtu wa kupenda, na mapenzi hupofusha. Ndiyo maana kijana wa mji mdogo kama Ziba, wilayani Igunga, anayeweza kusimulia tamthilia nzima ya Kikorea tukio kwa tukio, huchukuliwa kuwa ushahidi kwamba hadhira ya fasihi inapotea, wala si sehemu ya hadhira hiyo. Makala haya yanapinga mtazamo huo. Yanadai kwamba ushabiki ni namna ya usomaji ambayo fasihi ya Kiswahili imeitegemea kwa muda mrefu, na kwamba kasoro iliyopo haimo katika mapenzi ya kijana bali katika kumnyima kitu cha kulinganisha na kile anachokipenda. Hoja hii inajengwa kwa mifano mitatu: riwaya ya Adili na Nduguze, usimulizi wa filamu vibandani, na tamthilia ya Jumong ikisomwa sambamba na ngano ya Masala Kulangwa.

2. Kupenda na kuandika upya

Tabora haikuanza jana kupokea visa vya mbali. Katika karne ya 19, Unyanyembe ilikuwa njia panda ya misafara. Wapagazi wa Kinyamwezi walishuka hadi Bagamoyo na kurudi, na pamoja na nguo, shanga na pembe za ndovu yalisafiri maneno na masimulizi. Baadaye kazi hiyo ilifanywa na vitabu. Mashimo ya Mfalme Sulemani, tafsiri ya riwaya ya Rider Haggard, ilichapishwa mwaka 1929, na hadithi za Alfu Lela Ulela nazo zikapata wasomaji wengi wa Kiswahili.

Mmoja wa wasomaji hao alikuwa Shaaban Robert. Inafahamika kwamba Adili na Nduguze (1952) inatokana na kisa cha Abdullah bin Fadhil na ndugu zake kilichomo katika Alfu Lela Ulela. Harun al-Rashid amekuwa Rai, mfalme wa Ughaibu. Liwali wa Basra amekuwa Adili, liwali wa Janibu. Ndugu waliogeuzwa mbwa sasa ni manyani. La muhimu zaidi, ndugu hao wamepewa majina ya Hasidi na Mwivu, hivyo hukumu inatolewa kabla ya tendo. Uamuzi huu unaweza kupingwa, kwa kuwa unapunguza fumbo la tabia. Hata hivyo, ni uamuzi wa mtu aliyekipenda kisa kiasi cha kutaka kukitengeneza. Kuandika upya hapa ni uhakiki unaofanywa kwa kutunga.

3. Sauti juu ya picha

Mfano wa pili uko karibu zaidi na kijana wetu. Katika vibanda vya video, maarufu kama vibanda umiza, filamu za kigeni zimekuwa zikioneshwa zikiwa na sauti ya msimulizi juu ya picha. Derek Gaspar Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, ni miongoni mwa waanzilishi wa sanaa hii nchini Tanzania. Kenya inamfahamu DJ Afro, na Uganda ina wasimulizi wake. Matthias Krings, aliyeichunguza sanaa hii, ameieleza kwa taswira ya mchele unaogeuzwa kuwa pilau. Taswira hiyo inafaa, mradi tukumbuke kwamba viungo huchaguliwa na mpishi anayejua walaji wake.

Tofauti kati ya usimulizi huu na uingizaji sauti rasmi ni ya kifasihi. Katika Sultan, tamthilia ya Kituruki iliyorushwa na Azam TV kwa Kiswahili, kila mhusika ana sauti yake na mfasiri haonekani. Kibandani, sauti moja hubeba wahusika wote. Hutafsiri, hueleza, hutania, humwonya shujaa asiyesikia na kumsuta mwovu. Huo ndio utendaji wa fanani wa ngano, tunaoufundisha katika kozi za fasihi simulizi kana kwamba umekwisha pamoja na moto wa jioni.

Matini hizi ziko hatarini. Kwa kuwa kwa kawaida zilirekodiwa bila idhini ya wenye filamu, zinagongana na sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999, na maktaba za vyuo hazina ujasiri wa kuzikusanya. Haki ya mwenye filamu ni ya kweli. Lakini kuhifadhi nakala kwa ajili ya utafiti si sawa na kuiuza sokoni, na tusipoitetea tofauti hiyo, tutabaki na maelezo kuhusu wasimulizi bila sauti zao.

4. Jumong na sikio la bibi kizee

Je, ushabiki huu unaweza kuzaa uhakiki wa kina? Tuchukue Jumong, tamthilia ya Korea Kusini yenye sehemu 81, iliyoanza kuoneshwa kwao mwaka 2006. Jumong anakua bila kumjua baba yake, Haemosu, aliyewaongoza watu waliopoteza nchi yao. Mama yake, Yuhwa, anaificha siri hiyo. Akishaijua, kijana anawakusanya waliotawanyika na kuanzisha dola.

Mtazamaji aliyelelewa na ngano za Wasukuma na Wanyamwezi ana mahali pa kuanzia. Zimwi Shing'weng'we liliwameza watu wote pamoja na mifugo yao, akasalia mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha katika pumba. Mwanawe, Masala Kulangwa, alimuuliza mama waliko watu. Kisha akaenda kuwinda, na kila alipopata windo, kuanzia panzi, aliuliza kama hilo ndilo zimwi. Mwishowe alimuua Shing'weng'we, akalipasua, watu wakatoka.

Kufanana kwa visa hivi ni dhahiri. Kinachofundisha zaidi ni pale vinapoachana. Katika toleo lililoandikwa na Alice Werner mwaka 1933, Masala alipokuwa akilipasua zimwi alimkata bibi kizee sikio kwa bahati mbaya. Bibi hakuridhika na radhi aliyoombwa, akakusudia kumroga. Ngano inakataa kufunga hesabu ya ushindi kabla aliyeumizwa hajasikika. Jumong nayo ina jeraha lake: Soseono, aliyeijenga dola pamoja na shujaa, mwishoni anaondoka na wanawe baada ya mke wa kwanza kurudi. Lakini tamthilia inaliremba jeraha hilo kwa heshima na ukimya. Soseono haruhusiwi hasira ya yule bibi. Hapa ngano ya nyumbani inakuwa kipimo cha tamthilia ya ugenini, na mwenye uwezo wa kukitumia kipimo hicho ni shabiki anayezijua zote mbili.

5. Hitimisho

Kidato cha tatu na cha nne kimezoea Takadini, Watoto wa Mama N'tilie na Joka la Mdimu, riwaya zinazostahili nafasi zake. Zote, hata hivyo, zinamwelekeza mwanafunzi kwenye matatizo ya jamii kwa njia ya uhalisia, na maswali ya mtihani humtaka aorodheshe dhamira. Ulimwengu wa majini, mazimwi na warithi waliofichwa anaachiwa aufuate peke yake, usiku, kibandani. Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Kezilahabi zinavuka uhalisia, lakini si vitabu vya kumpokea msomaji wa miaka 15.

Pendekezo la makala haya ni dogo. Mwalimu amwombe mwanafunzi alete tamthilia anayoipenda na ngano aliyosimuliwa nyumbani, kisha amuulize ni nani aliyeumia shujaa aliposhinda, na ni hadithi ipi iliyokubali kumsikiliza. Atakayejibu kwa ushahidi wa matukio na usemi atakuwa ameanza kuhakiki, bila kulazimika kwanza kuacha kupenda.