Makadirio Yaliyopanda Ngazi: Kupima Gharama ya Kutengeneza Kofia na Ukuta wa Pembetatu Mkoani Singida

Ubora wa makadirio ya kutengeneza paa hutambulika kabla ya jumla ya shilingi kusomwa, kwa kuwa karatasi inayoanza na bei na ile inayoanza na vipimo huwa zimeandikwa na watu wawili tofauti, mmoja aliyelitazama paa akiwa uani na mwingine aliyepanda ngazi. Katika nyumba za Singida, sehemu mbili ndizo zinazompima mkadiriaji kuliko nyingine: kofia, yaani bati lililokunjwa linalofunika kilele pale miteremko miwili ya paa inapokutana, na ukuta wa pembetatu, yaani ile sehemu ya ukuta wa ubavuni inayoendelea kupanda juu ya kimo cha kuta nyingine hadi kufikia kilele hicho.

Nyumba ya tembe, ambayo Wagogo wa Manyoni na Wanyaturu waliiezeka kwa paa bapa la miti na udongo, haikuwa na kilele wala pembetatu, na ingawa ilivuja kwa namna zake yenyewe, haikuupa upepo mahali pa kushika. Nyumba ya bati iliinua kichwa katika uwanda wenye kimo cha mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako upepo wa kiangazi ni mkali kiasi cha mkoa kutajwa kwa miaka mingi katika mipango ya kufua umeme wa upepo. Upepo unaovuka kilele haulikandamizi bati bali hulivuta juu, na mvuto huo huwa mkali zaidi kwenye kilele, kingo na pembe za paa. Kwa kuwa mvua za mkoa huu huja katika msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, kofia iliyolegea Agosti hukaa kimya kwa miezi kadhaa, na mwenye nyumba huja kuijua siku dari inapolowa, wakati mafundi wengi wameshakwenda shambani.

Jambo la kwanza la kutafuta katika makadirio ni sababu ya uharibifu. Bati lenye urefu wa mita 3 likipata joto la nyuzi 40 zaidi ya lile la alfajiri hurefuka kwa karibu milimita 1.4, kisha hurudi usiku, na mchezo huo wa kila siku huulegeza msumari kwenye mbao huku jua likiukausha mpira ulio chini ya kichwa chake hadi upasuke. Mkadiriaji hodari hufunua angalau kofia moja na kuichoma mbao ya juu kabisa ya kenchi, yaani ule mfumo wa mbao za pembetatu unaobeba paa, kwa ncha ya msumari. Ncha ikizama kwa nguvu ya kidole gumba tu, mbao imeoza au imeliwa na mchwa, na kofia mpya itakayopigiliwa hapo ni mapambo. Kwa hiyo makadirio yanayotaja kofia na misumari bila kusema neno lolote kuhusu mbao, hata neno la kwamba mbao ni nzima, hayajakamilika, hata yakiwa nafuu kiasi gani.

Hesabu ya kofia yenyewe ni fupi, lakini ndiyo inayoumbua wengi. Kilele cha mita 12 kikipimwa kwa kofia za mita 2, anayegawanya moja kwa moja hupata kofia 6. Kofia hata hivyo hazigusani ncha kwa ncha bali hupandana, na ikiwa mpandano ni sentimita 15, kofia ya kwanza hufunika mita 2 na kila inayofuata huongeza mita 1.85 tu, hivyo zinahitajika 7. Aliyeandika 6 atarudi dukani, au, jambo baya zaidi, atapunguza mpandano hadi sentimita chache ili zienee, na mvua ya upepo itapenya papo hapo. Mwelekeo wa mpandano nao una maana, kwa kuwa mdomo wa kofia ya juu haupaswi kuuelekea upepo mkuu wa mahali hapo.

Misumari huandikwa ovyo kuliko kitu kingine chochote, kwa kawaida kama “kilo 2” isiyo na maelezo. Kwenye bati la migongo midogo, ambalo migongo yake huachana kwa takriban milimita 76, msumari unaopigwa kila mgongo wa pili huleta idadi ya karibu 160 kwa pande zote mbili za kilele cha mita 12, na ukiongeza sehemu ya kumi kwa ajili ya itakayopinda, hesabu hufika 175 hivi. Ili kugeuza idadi hiyo kuwa kilo, inatosha kupima robo kilo dukani na kuihesabu. Msumari hupigwa juu ya mgongo wa bati, kamwe si bondeni ambako maji hupita, na kofia inapaswa kulingana na bati kwa geji, kipimo cha unene ambacho namba yake ikipanda bati huwa jembamba zaidi.

Ukuta wa pembetatu hupimwa kwa nusu ya kitako mara kimo, hivyo nyumba yenye ubavu wa mita 8 na kilele kinachopanda mita 1.6 ina mita za mraba 6.4 kila upande. Lipu ya milimita 15 kwa uwiano wa saruji moja kwa mchanga nne itakula karibu mfuko mmoja wa kilo 50 na matoroli mawili ya mchanga kwa kila upande. Kabla ya hesabu hiyo, ukuta unapaswa kugongwa: mlio wa uwazi huonyesha lipu iliyoachana na tofali, lakini ufa unaoshuka mshazari kutoka mahali mbao inapoingia ukutani hupita hadi ndani, na kuufunika kwa lipu ni kuuahirisha. Kuta za matofali ya kuchoma yaliyounganishwa kwa tope hudai uangalifu zaidi, kwani maji yanayopenya kati ya bati na kichwa cha ukuta huliosha tope hilo taratibu, na kazi iliyodhaniwa kuwa ya lipu hugeuka kuwa ya kujenga upya.

Kuna mstari mmoja ambao humtambulisha mkadiriaji aliyeizoea Singida, nao ni maji. Lipu hunyweshwa kwa siku kadhaa ili isipasuke, na katika vijiji vingi Oktoba maji hununuliwa kwa dumu. Usafiri nao hudai mstari wake, kwa sababu kofia iliyofungwa kwenye bodaboda kutoka Singida mjini hadi Nduguti au Kiomboi hufika imepinda, na kofia iliyopinda haikai. Bei ya vifaa ieleze kama kodi ya ongezeko la thamani imo au haimo, na ufundi uandikwe kando ya vifaa, pamoja na jukwaa la miti ambalo wengi hulisahau kwa kuwa pembetatu huonekana fupi kutoka chini.

Mkadiriaji majenzi aliyesajiliwa huitwa kwa majengo makubwa. Kwa nyumba ya kawaida fundi mwenyewe ndiye huandika, na uaminifu wake huonekana kwenye mstari wa mwisho, ambapo hutenga kiasi kwa kazi itakayojulikana baada ya paa kufunuliwa, akataja kazi hiyo inaweza kuwa ipi, na akaandika kwamba kiasi hicho kisipotumika kitabaki kwa mwenye nyumba, pamoja na kofia za zamani.