Kishazi Huru na Kipimo cha Maana Kamili

Katika mafunzo ya sarufi ya Kiingereza, fasili moja imerithiwa kizazi hata kizazi: kishazi huru ni kile chenye maana kamili, nacho kishazi tegemezi hakiwezi kusimama peke yake. Fasili hiyo ni rahisi kukariri, na humfaa mwanafunzi anayeanza. Lakini ikipimwa kwa sentensi za kawaida za lugha yenyewe, haishiki.

Itazamwe sentensi "She claims that he is ill", yaani, mwanamke adai kwamba fulani ni mgonjwa. Kishazi tegemezi kikiondolewa, lasalia "She claims", kipande kisichotosha. Tena Kiingereza chakubali neno "that" liachwe: "She claims he is ill". Hapo "he is ill" chaweza kusimama peke yake barabara, ilhali kile kiitwacho kikuu hakiwezi. Kipimo kimepindua mambo juu chini.

Asili ya kosa ni kuchanganya maana na muundo. Utegemezi si upungufu wa maana, bali ni cheo cha kishazi ndani ya kishazi kingine. Katika mfano huu, kishazi tegemezi kimeshika nafasi ya yambwa ya "claims". Basi kimo ndani ya kikuu, wala hakikukaa ubavuni pake. Otto Jespersen, katika The Philosophy of Grammar ya mwaka 1924, alikwisha kuonyesha kwamba "before" ni neno lile lile, lifuatwe na nomino au na kishazi. Mwaka 2002 Rodney Huddleston na Geoffrey Pullum, katika The Cambridge Grammar of the English Language, waliendeleza wazo hilo, wakavihamishia vingi vya viunganishi vya zamani katika kundi la vihusishi. Uainishaji huo waweza kubishiwa, lakini fadhila yake ni kuutazama muundo kwanza.

Kwa msemaji wa Kiswahili, madhara ya fasili ya zamani ni makubwa zaidi. Lugha yake huonyesha utegemezi mara nyingi katika kitenzi chenyewe: alifika, alipofika, akifika. Kitenzi cha Kiingereza hakibadiliki: "he arrived", "when he arrived". Mwanafunzi aandikapo "When he arrived" na kutia nukta, huambiwa kwamba maana haijakamilika. Naye hashawishiki, kwa kuwa maneno hayo hayo yatosha kabisa kumjibu aulizaye ni lini. Hupoteza alama pasipo kujua kosa lake.

Yafaa basi afundishwe kuuliza swali jingine: neno gani lakitangulia kishazi hiki, nacho chashika nafasi gani katika sentensi? Swali hilo lina jibu linaloonekana katika maandishi. Ukamilifu wa maana hauna mpaka wa namna hiyo.